Redio za Upepo za Mitumba: Masafa Kwanza, Bei Baadaye



Katika miezi ya karibuni tumepokea maswali kutoka kwa kamati za Bariadi, Itilima na Meatu, yote yakielekea jambo moja. Kamati zinasema: tumeonyeshwa redio za upepo zilizokwisha kutumika, bei ni nafuu, je, tununue? Kwa upande mwingine, marafiki walioko nje ya nchi wanatuandikia kwamba wanazo redio wasizozitumia tena na wangependa kuzituma. Maswali haya mawili yana jibu moja, nalo limeandikwa kwenye kibandiko kidogo nyuma ya redio, mara nyingi chini ya betri. Somo la toleo hili ni jinsi ya kusoma kibandiko hicho kabla fedha ya parokia haijatoka.

Simu zipo, redio za nini?

Swali hili ni la haki na wafadhili hutuuliza kila mara. Kweli, simu ya mkononi imefika mbali. Kwa mama mjamzito aliyepatwa na dharura mahali penye mtandao, jambo la kwanza ni kupiga 115, namba ya mpango wa m-mama uliojaribiwa kwanza huku kwetu Kanda ya Ziwa na kuzinduliwa kitaifa mwaka 2022. Hatushauri kamati yoyote iweke redio mahali pa namba hiyo.

Lakini wanaoishi upande wa mashariki wa mkoa, kuanzia vijiji vinavyopakana na Pori la Akiba Maswa hadi Makao na Bukundi, wanajua kwamba mtandao huja na kuondoka. Zaidi ya hapo, simu huongea na mtu mmoja. Tembo wakiingia mashambani usiku, mlinzi hana muda wa kupiga namba saba moja baada ya nyingine huku vidole vinatetemeka. Kwa redio anabonyeza mara moja, na wote walio kwenye chaneli wanasikia kwa pamoja: walinzi wenzake, dereva wa gari, mhudumu wa zahanati. Ni kama yowe letu la zamani la kuitana, ila hili linavuka mito.

Wazee wa misheni wanakumbuka pia kwamba redio si kitu kigeni kwa kanisa wala kwa afya ya vijijini. Kabla ya simu za mkononi, hospitali na nyumba nyingi za misheni ziliongea kwa redio za masafa ya mbali kwa saa maalumu za siku, na madaktari wa ndege wa AMREF, shirika lililoanzishwa mwaka 1957, waliitwa kwa redio hizohizo kutoka Nairobi. Kila mtu alisikia shida ya mwenzake, na pengine hata mambo ambayo hakupaswa kuyasikia.

Redio si simu

Kosa kubwa linaanzia hapa. Tumezoea kwamba simu yoyote, ya kampuni yoyote, ikiwekewa laini itaongea na simu nyingine yoyote. Sababu ni kwamba katikati yupo mpatanishi, yaani mnara na mitambo ya kampuni, anayezikutanisha. Redio ya upepo haina mpatanishi wa namna hiyo. Redio mbili husikilizana tu pale zinapotumia masafa yaleyale, kwa mtindo uleule wa kusafirisha sauti.

Mfano rahisi tunaupata nyumbani. Babu ana redio yake ya zamani yenye mawimbi ya kati na mawimbi mafupi tu. Mjukuu anasikiliza kituo cha FM. Babu anaweza kuzungusha kinobu mpaka asubuhi. Kituo kile hatakipata, na si kwa sababu redio yake ni mbovu. Haikutengenezwa kufika huko. Ndivyo zilivyo redio za upepo. Kila moja ilitoka kiwandani ikiwa na kipande chake cha masafa, na fundi anaweza kuipanga popote ndani ya kipande hicho. Nje ya hapo mlango umefungwa.

Redio ambazo kamati zetu hukutana nazo ni za makundi matatu. La kwanza ni HF, kuanzia megahezi 3 hadi 30. Hizi hupiga mbali, kwa kuwa mawimbi yake hurudishwa na anga la juu, na ndizo zilizotumiwa na misheni kwa kuongea mamia ya kilomita. La pili ni VHF; kwa redio za kazi za mkononi na za gari, kipande kinachopatikana zaidi ni megahezi 136 hadi 174. La tatu ni UHF, kwa kawaida kati ya megahezi 400 na 520. Redio ya VHF haiongei na ya UHF. Hakuna kompyuta, waya wala maombi ya fundi yatakayozikutanisha, isipokuwa redio chache zilizotengenezwa makusudi kubeba bendi zote mbili.

Kwa nchi ya wazi kama yetu, yenye mbuga na vilima vya mawe hapa na pale, VHF hutosha vizuri kwa parokia na vigango vyake. UHF husifiwa zaidi mjini, ndani ya majengo. Hata hivyo hatusemi kamati ikimbilie VHF. Tunasema ifuate leseni yake, jambo tutakalolirudia hapa chini.

Sanduku lililofika na redio kumi na mbili

Tuchukulie kamati moja ya upande wa Meatu. Baada ya mauzo ya pamba waumini wamechanga, wakapata leseni ya masafa ya VHF, wakafunga redio ya mezani parokiani na nyingine kwenye gari. Mwaka unaofuata marafiki wa ng'ambo wanatuma redio kumi na mbili za mkononi. Zinafika zikiwa safi, betri zinashika moto wa umeme, taa inawaka kijani. Vijana wawili wanasimama kwenye pembe mbili za uwanja wa kanisa, wanaitana, sauti inatoka kama wako chumba kimoja. Watu wanapiga makofi, picha inapigwa kwa ajili ya barua ya shukrani.

Wiki mbili baadaye, usiku, mlinzi wa mashamba anabonyeza kuita gari. Anaita mara kumi. Parokiani redio ya mezani imewashwa, katekista amekaa karibu nayo, hasikii kitu. Mlinzi anadhani katekista amelala. Katekista asubuhi anaapa kwamba hakulala. Wote wawili wanasema kweli: zile za mkononi ni za UHF, megahezi 450 hadi 512, na ya mezani ni ya VHF.

Tazameni jinsi jaribio la uwanjani lilivyowadanganya. Redio kumi na mbili za kundi moja zikisikilizana zenyewe kwa zenyewe, hilo halithibitishi lolote kuhusu redio mliyo nayo tayari. Na kuna la pili ambalo watu hulisahau: redio zile zilipokuwa zikiongea uwanjani, zilikuwa zikitumia masafa zilizopangiwa huko zilikotoka. Hapa Tanzania masafa hayo huenda yamegawiwa mtu mwingine. Siku moja anayeingiliwa anaweza kuwa ni mlinzi wa hifadhi au gari la wagonjwa.

Kamati ile ingeuliza namba moja tu kabla ya sanduku kufungwa, fedha ya usafirishaji ingenunua redio tatu za kufaa.

Kusoma kibandiko

Toeni betri. Chini yake, au mgongoni mwa redio ya gari, pana kibandiko chenye namba ya aina ya redio na namba yake ya pekee. Wakati mwingine masafa yameandikwa wazi, kwa mfano «136–174 MHz». Hapo kazi imekwisha. Mara nyingi hayakuandikwa, na inabidi kusoma namba ya aina.

Kwa redio za Kenwood za jamii ya TK, kwa kawaida namba inayoanza na 2 ni redio ya mkononi ya VHF na inayoanza na 3 ni ya mkononi ya UHF. Inayoanza na 7 ni ya gari ya VHF na inayoanza na 8 ni ya gari ya UHF. Kwa hiyo TK-2302 na TK-3302 zinafanana kama mapacha, ila moja haitamsikia mwenzake kamwe. Icom nao hutoa mapacha wa namna hii: IC-F3 ni VHF, IC-F4 ni UHF. Kwa Motorola GP340, redio iliyoenea sana kwenye mashirika, jina la mbele halisaidii kabisa, maana GP340 zipo za bendi zote. Ni lazima kusoma namba ndefu ya kibandiko. Ikianza na MDH25 na herufi inayofuata ikiwa K, hiyo ni ya megahezi 136 hadi 174. Ikiwa R, ni ya megahezi 403 hadi 470. Herufi moja tu ndiyo tofauti. Msichukue kanuni hii mkaitumia kwa kila Motorola, kwa kuwa jamii nyingine za redio zao zina herufi zake.

Muuzaji akisema «ni GP340, nzuri sana», amesema nusu. Mwombeni picha ya kibandiko, isiyo na ukungu, ya kila redio na si ya moja kwa niaba ya zote. Katika fungu la redio kumi za mitumba si ajabu kukuta saba za aina moja na tatu za aina nyingine.

VHF kwa VHF, na bado hazisikilizani

Hapa ndipo hata watu wenye uzoefu hukwama, kwa hiyo tukae kidogo.

Mosi, si kila VHF hufika kila mahali ndani ya VHF. Motorola GM300, redio ya gari ya miaka ya 1990 ambayo bado inauzwa mitumbani kwa sababu ni ngumu kama jiwe, ilitolewa kwa vipande: nyingine hufanya kazi megahezi 136 hadi 162, nyingine 146 hadi 174. Tuseme leseni yenu ni ya megahezi 167.5 (namba hii ni mfano tu). GM300 ya kipande cha kwanza haitawafaa, ingawa muuzaji hakusema uongo alipoiita VHF. Kadhalika Uingereza magari mengi ya teksi na ya makampuni yalitumia VHF ya chini, megahezi 68 hadi 88. Redio hizo nazo ni VHF kweli, na kwenu ni mzigo.

Wapo mafundi wanaojua kuilazimisha programu ya kompyuta ikubali namba iliyo nje ya kipande. Redio inaweza kukubali, ikaongea dukani, kisha ikaanza kulia mlio wa kukataa jua likipanda, au ikarusha kwa nguvu ndogo mno. Redio ya dharura isiyotabirika ni mbaya kuliko kutokuwa na redio, maana watu wameshaitegemea.

Pili, kama mnatumia ripita, yaani mtambo wa kilimani unaopokea sauti na kuirusha tena, mna namba mbili za masafa na si moja: ya kupokelea na ya kurushia. Zote mbili lazima ziwe ndani ya kipande cha redio.

Tatu ni upana wa chaneli. Redio za zamani zilitumia chaneli pana za kilohezi 25. Siku hizi zinatakiwa nyembamba zaidi, za kilohezi 12.5. Marekani iliwataka watumiaji wengi wa redio za kazi wahamie kwenye chaneli nyembamba ifikapo tarehe 1 Januari 2013, na redio zisizoweza kubadilika zikalazimika kuondolewa kazini. Marafiki zetu waelewe, basi, kwamba sanduku la redio lililokaa stoo tangu wakati ule huenda liliwekwa stoo kwa sababu hiyohiyo. Redio pana na redio nyembamba husikilizana kwa taabu: sauti moja hutoka ndogo kama ya mtu aliye kisimani, nyingine hutoka imekwaruza. Kwa mama anayeeleza kiasi cha damu kinachotoka, sauti ya kukwaruza si jambo dogo.

Nne ni toni. Redio nyingi hutanguliza mlio wa chini usiosikika na sikio, kati ya hezi 67 na 254, ambao ni kama ufunguo. Redio inayopokea isipoutambua mlio huo hunyamaza kimya hata kama masafa ni sawa. Hili halitisheni kamati, kwa kuwa linarekebishwa kwa kompyuta kwa dakika chache. Tunalitaja ili fundi asije akawauzia redio nyingine pale ambapo tatizo lilikuwa toni tu.

Tano, redio za kidijitali. Sauti ya kidijitali haisikiki kwenye redio ya kawaida hata masafa yakilingana. Huleta mvumo tu. Baadhi ya redio za kidijitali zinaweza pia kuwekwa kwenye mtindo wa kawaida, hizo zinafaa. Zile za mfumo wa TETRA, ambazo polisi na zimamoto wa nchi nyingi za Ulaya hutumia kwenye megahezi 380 hadi 400, hazina kazi kwetu bila mitambo yake yote. Mkizawadiwa, shukuruni, zibaki huko.

Na vile viredio vidogo vya jozi, vya rangirangi, vinavyouzwa Ulaya kwa matembezi ya familia? Hivyo hutumia megahezi 446, nguvu yake ni nusu wati, na antena yake haitoki. Havipangwi upya. Ni vitu vya kuchezea watoto uwanjani, na tunaomba visiwekwe kwenye orodha ya vifaa vya dharura.

Wengine watatuambia: kwa nini taabu yote hii, si tununue redio mpya za Kichina zinazobeba bendi mbili? Ni kweli zipo. Baofeng UV-5R, iliyoingia sokoni mwaka 2012, hubeba VHF na UHF na bei yake ni ndogo kuliko ya betri ya redio nyingine. Hatuikatazi kwa sababu ya bei. Wasiwasi wetu ni kwamba mtumiaji anaweza kubadili masafa kwa vidole vyake mwenyewe, akajikuta anaongea mahali pasipo pake, na kwamba kamati husahau kuuliza kama aina hiyo imeidhinishwa na Mamlaka. Baadhi yetu tunaona afadhali redio ya mitumba ya kazi, iliyofungwa kwenye chaneli zake tano, kuliko mpya iliyo wazi. Wenzetu wengine hawakubaliani nasi, na mjadala unaendelea.

Antena nayo ina masafa yake

Kamati nyingi hununua redio sahihi, kisha hufunga antena iliyokuja na redio nyingine. Antena hukatwa kwa masafa. Kanuni ya haraka kwa antena ya fimbo ya kawaida ni kugawa 75 kwa megahezi, jibu ni urefu kwa mita. Kwa megahezi 150 inapatikana nusu mita. Kwa megahezi 450 ni sentimita 17 hivi. Kwa hiyo antena ya UHF iliyochomekwa kwenye redio ya VHF inaingia vizuri na haifanyi kazi yake, na ikiachwa hivyo inaweza kuumiza sehemu ya redio inayorusha. Kwa wenye HF, waya wa antena unaotumia megahezi 5 una urefu wa karibu mita 28 na nusu. Mkibadilishiwa masafa, waya nao ubadilishwe.

Urefu wa mlingoti una thamani kuliko nguvu ya redio. Kwenye nchi tambarare, chukueni kipeuo cha pili cha kimo cha kila antena kwa mita, jumlisheni, zidisheni kwa 4. Milingoti miwili ya mita 16 inatoa 4 na 4, jumla 8, yaani kama kilomita 32. Mlinzi aliyeshika redio mkononi akiita mlingoti huohuo hufika kama kilomita 20 kama hakuna kilima katikati. Mlinzi kwa mlinzi, wote wakiwa chini, ni kilomita 10 kwa bahati nzuri, na ndani ya vichaka ni pungufu zaidi. Anayewauzia redio ya mkononi ya «kilomita 50» mwombeni atembee nayo.

Leseni ndiyo inayotangulia

Tumesema redio ifuate leseni. Masafa hapa nchini hugawiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, na matumizi yake yanasimamiwa na Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Kwa mkoa wetu ofisi ya karibu ni ya Kanda ya Ziwa, Mwanza. Mamlaka huwapangia masafa. Hamchagui wenyewe kwa kuwa redio mliyoiona dukani ina namba fulani. Aina ya redio nayo inapaswa kuwa imeidhinishwa, na anayeuza au kufunga vifaa hivi anapaswa kuwa na leseni yake. Mwulizeni, si kosa la adabu.

Hivyo basi mpangilio wa kazi ni huu: kamati ieleze mahitaji yake, yaani nani aongee na nani na kwa umbali gani, iombe masafa, ipate karatasi yenye namba, ndipo iende kutafuta redio ikiwa na namba hiyo mfukoni. Tunajua inachosha, na redio nzuri ya bei rahisi haimsubiri mtu. Lakini kamati iliyonunua kwanza huishia kuomba masafa ya kufuata redio, na jibu la Mamlaka linaweza kuwa hapana.

Kama jirani yenu, tuseme hospitali au parokia ya pili, ana mtandao wa redio tayari, kaeni naye kabla ya kuomba. Pengine ruhusa inaweza kupatikana ya kujiunga naye. Mkiwa na masafa yenu peke yenu na gari la wagonjwa likawa na ya kwake, mtakuwa na mitandao miwili inayopishana gizani.

Kwa marafiki wa ng'ambo

Tunawaomba msitume chochote kabla ya kutuma picha. Picha ya kibandiko cha kila redio, picha ya chaja, na maelezo kama redio ina neno la siri la kuizuia isipangwe upya. Mwulizeni aliyekuwa akizitumia kama bado anao waya wa kupangia na programu yake. Bila hivyo fundi wa Mwanza anaweza kukaa na redio nzuri mwezi mzima asiweze kuifungua. Betri za redio zilizokaa miaka mingi huwa zimekufa, na betri mpya kumi zinaweza kugharimu kuliko redio zenyewe. Chaja inayotumia volti 12 ni baraka kuliko ya ukutani, kwa kuwa zahanati nyingi za pembezoni hutegemea sola.

Ikionekana kwamba masafa hayalingani, ziuzeni huko mliko na mtume thamani yake. Tunajua kutuma kitu kinachoshikika hufurahisha zaidi. Mlinzi wa shamba kule Makao hatajua fedha ilitoka wapi, ila ataitwa na kuitika.

Kupima kabla ya kulipa

Jaribio la dukani lifanywe hivi. Fundi asome redio kwa kompyuta mbele yenu na awaonyeshe kipande cha masafa kinachosomeka humo. Kilingane na kibandiko, kwa maana makasha hubadilishwa. Aweke namba yenu ya leseni. Aunganishe kipima nguvu na kubonyeza: redio ya mkononi ya VHF hutoa kama wati 5, ya gari kama 25 au zaidi kidogo. Abonyeze kwa dakika nzima, si kwa sekunde mbili.

Kisha jaribio la kweli lifanyike kwenu, na redio mliyo nayo tayari, si baina ya redio mpya zenyewe. Mmoja abaki parokiani, mwingine aende kwenye kigango cha mbali na kwenye zahanati, mchana na usiku, na asome maneno ishirini yaliyoandikwa kwenye karatasi. Aliye parokiani aandike anachosikia. Maneno yaliyokosewa yahesabiwe, mahali na saa viandikwe kwenye daftari la kamati. Mkataba na muuzaji uruhusu siku kumi na nne za kurudisha redio ikiwa jaribio hili limeshindikana, na malipo ya mwisho yafanywe baada ya daftari kujazwa.

Kamati zinazosita juu ya kibandiko fulani zituletee picha yake pamoja na nakala ya leseni ya masafa, kwa simu au kwa mkono wa paroko. Tutazisoma pamoja na fundi na kuwajibu kwa maandishi, na tunaomba picha hizo zifike kabla muuzaji hajapewa arubuni.